Kabla Hujabadilisha Bastola: Mwongozo Kamili wa Kuinua Alama Zako Kwenye Mashindano ya Ulengaji

Swali linalonifikia kuliko yote ni "ninunue bastola gani?" Anayeuliza huwa ametoka mashindanoni majuzi, Mombasa au Kirigiti kule Kiambu, amemaliza mkiani, na aliyemshinda alikuwa na bastola yenye doti nyekundu, yaani kioo cha kulengea kinachoonyesha nukta nyekundu. Nikimwomba anionyeshe karatasi yake ya alama, mambo ni yale yale. Muda wake si mbaya hata kidogo. Risasi ndizo zimetapakaa, mbili tatu zimekosa shabaha kabisa, na kwenye steji moja, yaani kituo kimoja cha mashindano, magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ilimwishia akiwa katikati ya mlango. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na bastola mpya.

Sisi wa Malindi tuna shida yetu ya ziada. Safari ya kwenda kufyatua kihalali ni ndefu, risasi ni ghali, na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo imeandikwa kwenye cheti. Kwa hiyo kazi kubwa lazima ifanyike nyumbani, bastola ikiwa tupu. Nimeupanga mwongozo huu kwa mtu wa hali hiyo: ana cheti, ana bastola moja ya milimita 9, na renji, uwanja wa kufyatulia, anaifikia kwa nadra.

Kama bado huna cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, anzia huko. Na usiagize mtandaoni bastola bandia ya kufanyia mazoezi kabla hujaiuliza bodi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazungumzia hata silaha za kuigiza.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

Bastola inayokaa mkononi mwako. Ishike ikiwa tupu, mtutu ukiwa umenyooka na mkono wako wa mbele. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila wewe kuizungusha bastola kiganjani. Ikiwa haifiki, angalia kama mgongo wa mpini unabadilishwa. Bastola nyingi za siku hizi huja na vipande vya ukubwa tofauti ndani ya boksi, na wenye nazo hawajawahi kuvifungua.

Ala ya plastiki ngumu. Iifunike triga yote na mdomo wake ubaki wazi bastola ikishatoka. Ala ya kitambaa au ngozi laini hujifumba, na ukitaka kurudisha bastola unalazimika kuifumbua kwa mkono wa pili, yaani mkono wako mwenyewe unapita mbele ya mtutu. Hiyo usiivae mashindanoni wala popote.

Mkanda mgumu. Vaa, weka bastola tupu kwenye ala, kisha ivute juu kwa nguvu. Mkanda ukipanda pamoja nayo, kila kuchomoa kwako kutakuwa na mahali tofauti. Pesa uliyotenga kwa bastola mpya, anza kuitumia hapa.

Magazini 5 zinazofanana. Steji ndefu ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, inaweza kudai risasi 32. Daraja liitwalo Production, ambalo ndilo ningemshauri mgeni aanzie, huruhusu risasi 15 kwa magazini wakati wa kuanza. Magazini 3 zinatosha kwenye karatasi. Ukikosa mara mbili au moja ikianguka mchangani, hazitoshi. Ziandike namba kwa kalamu isiyofutika, ili inayokwama uijue kwa jina.

Miwani na vizuia sauti. Mlio wa bastola hupita desibeli 140, na sikio likishaharibika halirudi. Miwani ni ya kila mtu aliye renjini, hata aliyekuja kutazama, kwa sababu vipande vya risasi hurudi kutoka kwenye shabaha za chuma.

Vidogo vidogo: risasi bandia 6 za kufanyia mazoezi, programu ya taima kwenye simu, daftari, na shabaha zilizopunguzwa. Shabaha ya IPSC ina upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 57. Ikipunguzwa hadi theluthi inakuwa 15 kwa 19, inaenea kwenye karatasi ya A4, na ukisimama mita 3 inaonekana sawa na ile kamili ikiwa mita 9. Chumba cha kawaida kinatosha.

Doti nyekundu je? Isubiri. Mgeni akiinua bastola yenye doti huishia kuitafuta doti iliko, kwa sababu mkono wake bado hauiletei mahali pamoja kila mara. Isitoshe, ukiifunga unahamia daraja jingine, na huko unashindana na waliokwisha kuizoea.

Risasi nazo zina kipimo. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, ukizidishwa kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, kisha ukagawanywa kwa 1000, upate angalau 125. Kichwa cha greni 115 kinachokwenda futi 1,150 kinapata 132, kimepita. Zikipimwa mashindanoni zikawa chini ya 125 utaruhusiwa kuendelea kufyatua, ila alama hupati.

## Hatua ya 1: Jua unahesabiwaje

Shabaha ina sehemu tatu: alfa ya katikati, charlie inayoizunguka, na delta ya ukingoni. Kwa bastola ya milimita 9 katika Production, alfa ni alama 5, charlie 3, delta 1. Kukosa kunakata 10. Jumla ya alama inagawanywa kwa sekunde ulizotumia.

Chukua steji ya shabaha 8, kila moja risasi 2. Wa kwanza anamaliza kwa sekunde 12 akiwa na alfa 12 na charlie 4: alama 72, sawa na 6.0 kwa sekunde. Wa pili anatimua mbio, sekunde 10, lakini ana alfa 8, charlie 4, delta 3 na amekosa moja: 55 kasoro 10 ndiyo 45 yake, sawa na 4.5. Ameokoa sekunde 2 na amepoteza robo ya steji.

Kwenye IDPA, chama kingine cha mashindano ya bastola, hesabu ni ya muda tu: kila alama uliyopoteza inaongezwa sekunde 1, na kukosa kabisa ni sekunde 5. Huko anayekosa anaadhibiwa vikali zaidi.

Umefaulu ukiweza kuchukua karatasi yako ya mwisho na kuonyesha kwa kidole alama zako zilienda wapi. Usiendelee mbele bila hili. Mtu asiyejua anapotezea wapi hufanya mazoezi ya kile anachokipenda.

## Hatua ya 2: Tenga chumba kisicho na risasi

Chagua ukuta wa mawe ya matumbawe au tofali zilizojazwa saruji, ambao nyuma yake hakuna mtu anayepita. Ukuta wa udongo, wa mabati au wa makuti hauhesabiki kuwa ukuta kwa kazi hii.

Toa magazini. Vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama chemba, tundu inamokaa risasi, kwa macho, kisha ingiza kidole uihakikishe. Risasi zote zipeleke chumba kingine na uufunge mlango. Magazini za mazoezi nazo zipitie moja moja. Sema kwa sauti kwamba unaanza mazoezi, na ukimaliza sema umemaliza, uondoe shabaha ukutani papo hapo.

Onyo: ajali za nyumbani hutokea baada ya mazoezi, mtu akisharudisha risasi kwenye bastola halafu akasema "mara moja ya mwisho". Hakuna mara ya mwisho. Simu ikiita, mtoto akibisha hodi, muadhini akiadhini, kila kitu kinaanza upya kuanzia kuitazama chemba.

Bastola nyingi za milimita 9 hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu, lakini soma kitabu chake. Za .22 mara nyingi hudhurika.

Dakika 15 za kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Mkono ukichoka unajifunza makosa.

## Hatua ya 3: Mshiko na triga

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, na hapa ndipo watu wanapopita haraka.

Mkono wa nguvu uingie juu kabisa ya mpini, hadi nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ijikunje kidogo chini ya mkia wa bastola. Ukishika chini, teke la bastola linapata nafasi ya kuinua mtutu. Mkono wa pili uzibe sehemu yote ya mpini iliyobaki wazi, vidole vyake vikiwa chini ya kilinda triga na gumba likielekea mbele.

Nguvu zaidi itoke mkono wa pili. Mkono wa triga ukikaza kupita kiasi, kidole kinakauka na kila kubonyeza kunavuta bastola upande.

Angalia gumba la mkono wa nguvu liko wapi. Kwenye bastola nyingi linalalia kile kitufe cha kuzuia slaidi, na matokeo yake magazini ikiisha slaidi haibaki wazi. Mwenye bastola analalamika kwamba imeharibika, kumbe gumba lake ndilo linaloibana. Linyanyue kidogo, lipumzike juu ya gumba la pili.

Sasa triga. Bonyeza kama unavyokamua ndimu juu ya samaki: shinikizo linaongezeka bila kupumzika mpaka litoke lenyewe, na sahani haitikisiki. Macho yabaki kwenye lengeo la mbele, kile kijino kilicho juu ya mdomo wa mtutu. Shabaha ionekane yenye ukungu kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Zoezi lake: simamisha ganda tupu la risasi juu ya slaidi, nyuma tu ya lengeo la mbele, kisha bonyeza. Ganda lisianguke. Likikuangukia, usiongeze kasi, rudia.

Umefaulu ukiweza kubonyeza mara 10 mfululizo na ganda limesimama, kwa mikono miwili. Kisha fanya kwa mkono wa nguvu peke yake, halafu kwa mkono dhaifu. Steji za mkono mmoja zipo, na wengi huzifanyia mazoezi siku ile ile ya mashindano.

## Hatua ya 4: Kuchomoa

Gawanya mara nne. Kwanza, mkono wa nguvu unashuka na kupata mshiko kamili bastola ikiwa bado ndani ya ala, huku mkono wa pili ukilala kifuani. Pili, bastola inatoka juu wima, na mdomo wa mtutu unageukia shabaha mara tu ukishaachana na ala. Tatu, mikono inakutana mbele ya kifua. Nne, bastola inasukumwa mbele, lengeo linaingia machoni, kidole kinagusa triga.

Mkono wa pili unawekwa kifuani kwa sababu maalumu. Ukiachwa uning'inie, utakimbilia bastola na kupita mbele ya mtutu.

Kidole kibaki nje, kimenyooka ubavuni mwa bastola, mpaka lengeo liwe juu ya shabaha. Ukitembea, ukibadilisha magazini au ukiondoa kizuizi kidole kikiwa ndani ya kilinda triga, msimamizi wa renji anakuondoa mashindanoni. Hakuna rufaa ya huruma hapo, na ni sawa kabisa.

Fanya wiki ya kwanza bila taima. Kisha weka sekunde 3 kati ya mlio wa kuanza na kubonyeza, shuka hadi 2.5, hadi 2. Ukifika 1.5 kwenye ile shabaha ndogo ukiwa na mshiko sahihi, umeshawapita wengi. Kila mara mshiko ukiharibika, ongeza muda.

Kurudisha bastola kwenye ala hakuna mbio. Itazame ala, hakikisha shati au kikoi hakijaingia, kidole nje, ingiza taratibu. Hakuna alama inayotolewa kwa kurudisha haraka.

Umefaulu ukifumba macho, ukachomoa, ukayafumbua, na ukakuta lengeo la mbele liko katikati ya la nyuma.

## Hatua ya 5: Kubadilisha magazini

Vuta bastola karibu na uso, kiwiko kikikaribia mbavu, mdomo wa magazini ukitazama mfuko ulioko kiunoni. Bonyeza kitufe, ya zamani idondoke. Kidole cha shahada cha mkono wa pili kilale mbele ya magazini mpya, ncha yake ikigusa juu, na macho yatazame mdomo wa bastola mpaka magazini iingie.

Anayetazama shabaha huku akibadilisha hugonga magazini pembeni mara tatu. Macho yaende kazini, kisha yarudi.

Anza na sekunde 3 kutoka kubonyeza kwa mwisho hadi lengeo kurudi kwenye shabaha, ushuke hadi 2. Tandika mkeka au godoro jembamba chini. Sakafu ya saruji hupasua vitako vya magazini.

## Hatua ya 6: Macho kwanza, miguu baadaye

Bandika shabaha 3 ukutani. Ukishabonyeza kwenye ya kwanza, macho yaruke hadi katikati ya ya pili, ndipo bastola ifuate. Bastola ikitangulia itapitiliza na utaivuta kuirudisha. Bastola ambazo triga hairudi bila kuvuta slaidi zisikusumbue: bonyeza triga iliyokufa, zoezi ni la macho.

Kwa miguu, jifunze kufika. Ukikaribia mahali pa kufyatulia, bastola iwe imeshainuka na magoti yamelegea kabla hujakanyaga. Sekunde nyingi za steji hupotea mtu akiwa amesimama tayari ila bastola bado iko kifuani.

Onyo: ukigeuka kukimbia, hasa kuelekea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, mtutu hupenda kufuata mwili. Ukivuka nyuzi 90 kutoka mbele ya renji, umeondolewa. Nyumbani weka kiti kila upande kama mpaka na uutii.

## Hatua ya 7: Renjini, risasi chache, majibu mengi

Usiende renjini kumaliza risasi. Nenda kupima ulichojifunza nyumbani.

Anza na zoezi la kuchanganya. Mwombe mwenzako akujazie magazini, ndani yake achanganye risasi bandia mbili au tatu usizojua ziko wapi. Fyatua polepole kwa mita 10. Ukifika kwenye bandia, tazama mdomo wa mtutu: ukizama chini kabla hakuna kitu kilicholipuka, unashtuka ukiusubiri mlio. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ndizo zile risasi zinazokwenda chini kushoto ambazo watu husingizia lengeo. Dawa yake ni Hatua ya 3, si bisibisi.

Kisha fyatua kundi la risasi 5 kwa mita 15 bila taima, ujue bastola inapiga wapi kwa risasi unazotumia kweli.

Malizia na El Presidente, zoezi la Jeff Cooper: shabaha 3 kwa mita 10, zimeachana mita moja moja. Unaanza umezipa mgongo. Mlio ukisikika unageuka, unachomoa, risasi 2 kila shabaha, unabadilisha magazini, unarudia 2 kila shabaha. Geuka kwanza ndipo uchomoe, kamwe si kinyume. Kuimaliza kwa sekunde 10 na risasi zote 12 zikiwa ndani ya alfa ni kazi nzuri sana.

Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa mahamri. Risasi, yaani yale madini (lead) yaliyomo kwenye kichwa cha risasi, ni sumu, na huingia tumboni kwa njia ya vidole.

## Hatua ya 8: Siku ya mashindano

Bastola haiguswi popote isipokuwa chini ya amri ya msimamizi au katika eneo la usalama. Katika eneo hilo unaweza kuishika bastola, ila usishike risasi hata moja, hata zile bandia. Wageni wengi huondolewa hapa asubuhi, kabla hawajafyatua, kwa kujaza magazini mezani palipokatazwa. Zijazie kwingine.

Amri zitatolewa kwa Kiingereza hata kama wote mnaongea Kiswahili. Zikariri kwa mpangilio wake ili zisikushtue.

Unapokagua steji, hesabu risasi kutoka kila mahali pa kusimama, na amua utabadilisha magazini wapi. Badilisha ukiwa unatembea, hata kama zimebaki 4 ndani. Kisha fumba macho uipite steji kichwani kuanzia mlio hadi risasi ya mwisho. Ukikwama kichwani utakwama na mlangoni.

Kila steji ikiisha andika daftarini: alfa, charlie, delta, kukosa, muda, na sababu moja ya alama zilizopotea. Sababu inayojirudia ndiyo inayoamua wiki mbili zijazo nyumbani zitakuwa za hatua ipi.

## Hatua ya 9: Chumvi

Wa bara wanaweza kuiahirisha hatua hii. Wewe wa Malindi huwezi. Kusi ikivuma, hewa ya bahari inaingia hadi ndani ya kabati, na jasho la kiganja lina chumvi yake pia.

Jioni ile ile, kabla ya kulala, fungua bastola na uifute yote kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kingine chenye mafuta kidogo. Kutu haianzii kwenye slaidi pana unayoipendezesha. Tazama kwa tochi chini ya lengeo la nyuma, kwenye kitufe cha magazini, kwenye vichwa vya skrubu, na chini ya vipande vya mpini ikiwa vinatoka: punje ndogo za hudhurungi, nyembamba kuliko chumvi ya mezani. Zikiwa bado punje, zinafutika kwa mafuta na mswaki laini. Ukichelewa zinachimba.

Tumia mafuta ya bunduki. Ukiyakosa, ya cherehani ni afadhali mara nyingi kuliko ya kupikia, ambayo hugeuka ulimbo. Yawe kidogo, mafuta yanayotiririka hukusanya mchanga, na mchanga wetu ni mwingi. Ndani ya magazini usipake kabisa: fungua, toa springi, pangusa, rudisha kavu.

Ala ya ngozi isiwe kabati la bastola, kwa kuwa ngozi hushika unyevu usiku kucha. Weka bastola kwenye sefu pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara maana hushiba. Risasi zikae kwenye kopo lisilopitisha hewa, mahali pa baridi, si kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Wakati wa kusi fungua sefu kila wiki, hata kama hukufyatua, upitishe kitambaa.